Meli ya Karibi kwa anayetaka kutembea: hesabu saa za nchi kavu kwanza

Chukua ratiba ya meli yoyote ya kitalii inayozunguka visiwa vya Karibi. Ruka picha za mabwawa ya kuogelea, ruka orodha ya migahawa, nenda moja kwa moja kwenye jedwali la bandari. Kila bandari ina saa ya kufika na saa ya kuondoka. Toa moja kwenye nyingine, jumlisha wiki nzima, kisha futa visiwa ambavyo kampuni ya meli imevikodi au kuvinunua kwa ajili ya abiria wake. Huko hakuna mji wala soko, ni ufuko, viti na baa. Saa zinazobaki ndizo safari yako. Mengine yote ni hoteli inayoelea.

Safari ya kawaida ya usiku saba kutoka Miami kwenda Karibi ya mashariki huwa hivi: kisiwa kimoja cha kampuni, St. Thomas, St. Maarten, na siku tatu za baharini. Ukifuta kile kisiwa cha kampuni, umebaki na saa 18 hivi za kutembea katika wiki nzima. Safari ya idadi hiyohiyo ya usiku inayoanzia Bridgetown, Barbados, hugusa bandari tano au sita, na jumla yake hukaribia saa 50. Sababu ni umbali tu. Kutoka Miami hadi San Juan, Puerto Rico, ni yapata maili 950 za baharini, na meli inayokwenda maili 20 kwa saa itatumia siku mbili kamili kabla hujaona chochote. Visiwa vya Antili Ndogo, kuanzia Grenada kusini hadi St. Kitts kaskazini, vimepangana kama shanga. Siku isiyo na ukungu, ukiwa kaskazini mwa St. Lucia unaiona Martinique kwa macho. Meli hulala njiani usiku na asubuhi iko bandari nyingine.

Kwa hiyo kwa mtu anayependa kutumia miguu yake, na anayetaka kujua watu wa mahali wanaishi vipi, msimamo wangu ni huu: anzia kusini. Bridgetown ndiyo ya kwanza, kisha Fort-de-France (Martinique) au Pointe-à-Pitre (Guadeloupe), kisha San Juan. Miami na Fort Lauderdale ziachie wenye sababu maalumu, na sababu moja nzuri nitaitaja mbele.

Pasipoti ndiyo itakayochagua nawe

Kwa wenye pasipoti za Afrika Mashariki na Kongo, viza huamua njia kabla ya ladha. Ukipandia Miami, Fort Lauderdale au San Juan, unahitaji viza ya Marekani, kwa maana Puerto Rico ni ardhi ya Marekani. Na iwe ya kuingia mara nyingi. Meli ikitoka na kurudi, hiyo ni kuingia mara ya pili, na mwenye viza ya kuingia mara moja hataruhusiwa hata kupanda.

Barbados hupokea raia wa nchi nyingi za Jumuiya ya Madola bila viza, na ndiyo maana bandari yake inafaa kuangaliwa kwanza. Tatizo huwa njiani. Ukipitia uwanja wa ndege wa Marekani lazima upite uhamiaji hata kama unabadilisha ndege tu, kwa hiyo viza ya kupita inahitajika. Ukipitia London, pasipoti zetu kwa kawaida huhitaji viza ya kupita pia, isipokuwa uwe na kibali kinachokusamehe. Anayeishi Ulaya au Amerika ya Kaskazini kwa kibali cha ukaazi ana kazi nyepesi zaidi hapa.

Martinique na Guadeloupe ni Ufaransa kamili, lakini haziko ndani ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye viza moja ya pamoja. Viza ya Schengen peke yake si ruhusa ya kuingia huko. Kuna jambo jingine la kuangalia: ndege nyingi za kwenda Fort-de-France huondokea uwanja wa Orly, ilhali anayetoka Nairobi kwenda Paris hutua Charles de Gaulle. Kuvuka mji kati ya viwanja hivyo viwili ni kuingia Ufaransa, na hapo Schengen inatakiwa.

Iandikie kampuni ya meli barua pepe, utaje uraia wako na orodha ya kila bandari, uombe jibu la maandishi, kisha ulichapishe na kusafiri nalo. Bandari moja usiyo na ruhusa nayo yaweza kukuzuia kupanda meli kabisa, hata kama ulikuwa huna nia ya kushuka hapo. Pasipoti iwe na miezi sita zaidi ya tarehe ya kurudi. Usisahau pia kadi ya homa ya manjano. Visiwa vingi huidai kwa anayetoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na nchi zetu kadhaa zimo. Chanjo ichomwe angalau siku kumi kabla ya safari. Tangu Julai 2016 cheti hicho hudumu maisha yote, kwa hiyo kama ulichanjwa zamani, tafuta kadi yako badala ya kuchanja upya.

Saa tisa bandarini si saa tisa

Meli ikifika saa 2:00 asubuhi na kuondoka saa 11:00 jioni, wengi huona saa tisa. Hesabu ya kweli ni nyingine. Maofisa wa bandari hupanda kwanza, na mlango hufunguliwa baada ya dakika 20 hadi 40. Weka saa 2:30. Mwisho wa kupanda ni nusu saa kabla ya kuondoka, na kwa baadhi ya meli ni saa nzima. Juu ya hapo jiwekee saa moja ya akiba, kwa ajili ya pancha, foleni au mvua. Uwe langoni saa 9:30 alasiri. Umebaki na saa saba, na chakula cha mchana kimo humohumo.

Ratiba nyingine huandikwa kwa mtindo wa saa 24. 17:00 ni saa kumi na moja jioni, si saa kumi na saba wala saa tano. Andika kwenye karatasi kwa mtindo mmoja tu na uiweke mfukoni. Tena, meli ina saa yake. Visiwa vya mashariki havibadilishi saa mwaka mzima, wakati Florida hubadilisha. Cozumel, kisiwa cha Mexico, nayo haibadilishi. Meli nyingine hubaki na saa ya Miami safari nzima. Simu ikinasa mtandao wa kisiwa hujirekebisha yenyewe, na hapo ndipo watu hukosea kwa saa kamili. Zima urekebishaji huo, au vaa saa ya mkononi uliyoilinganisha na ya meli asubuhi hiyo.

Sasa tupime mfano mmoja kwa hesabu hiyo. Gros Piton wa St. Lucia una mita 798, na kila anayependa milima huutamani. Kutoka Castries, ambako meli kubwa hufunga gati, hadi kijiji cha Fond Gens Libre ni saa moja na nusu ya kona zisizokwisha. Kupanda na kushuka ni saa nne kwa mtu wa kawaida mwenye mazoezi, na lazima uwe na mwongozaji wa kijijini. Saa moja na nusu, nne, moja na nusu: jumla saba. Hakuna hata dakika ya kunywa maji. Maana yake mlima huo ni wa meli inayoondoka saa 12:00 jioni au baadaye, au ya meli ndogo inayotia nanga Soufrière yenyewe, chini ya mlima. Jina la kijiji hicho lina maana ya bonde la watu huru. Wakazi wake ni wazao wa watumwa waliotoroka na kupigania uhuru wao, na waongozaji hukueleza hayo mkiwa njiani. Kwa hiyo mlima huu ni zoezi na somo kwa pamoja, na nitasikitika kwa anayeupanda mbiombio bila kusikiliza.

Kama saa hazitoshi, usilazimishe. Njia fupi ya Tet Paul karibu na Soufrière huchukua chini ya saa moja na hukuonyesha Gros Piton na mwenzake mdogo, Petit Piton. Au baki kaskazini: Pigeon Island iko nusu saa kutoka Castries, ina magofu ya ngome na kilima chenye mandhari ya bahari hadi Martinique.

Ukubwa wa meli

Meli kubwa kuliko zote za sasa, kama Icon of the Seas, hubeba hadi abiria 7,600. Royal Clipper, meli ya matanga yenye milingoti mitano, hubeba 227, na msimu wa baridi hufanya safari zake kutoka Bridgetown. Tofauti si starehe tu. Meli ya abiria elfu kadhaa huhitaji gati refu, kwa hiyo huenda bandari zilezile zilizojengwa kwa ajili yake, na mji mdogo kama Roseau, mji mkuu wa Dominica, ukimwagiwa watu hao asubuhi moja hauwi mji tena bali foleni. Meli ndogo hutia nanga Bequia (kisiwa kidogo cha St. Vincent), Soufrière au Îles des Saintes (visiwa vidogo vya Guadeloupe), mahali ambapo meli kubwa hupita mbali.

Meli ndogo ni ghali zaidi kwa usiku, na hutikisika zaidi kwenye mikondo kati ya kisiwa na kisiwa, ambako upepo wa mashariki unatoka Atlantiki bila kizuizi. Anayetapika baharini achague chumba cha katikati ya meli, sakafu ya chini. Kama mfuko unaruhusu meli kubwa tu, bado waweza kufanya vizuri. Ingia kwenye tovuti kama CruiseMapper, tafuta kila bandari na tarehe yako, uone meli ngapi zitakuwepo siku hiyo. Bandari yenye meli moja na bandari hiyohiyo yenye meli nne ni safari mbili tofauti. Kazi hii huchukua nusu saa, na sioni nusu saa nyingine yenye faida zaidi katika maandalizi yote.

Gharama zisizoonekana kwenye tangazo: bakshishi inayoongezwa yenyewe kwenye bili, ambayo kwenye meli nyingi za Marekani ni dola 16 hadi 20 kwa mtu kwa siku, intaneti, vinywaji, bima. Anayesafiri peke yake mara nyingi hutozwa karibu bei ya watu wawili.

Kisiwa kwa kisiwa, upande wa kusini

Grenada. Hiki ndicho kisiwa ambacho msomaji wa Zanzibar au Pemba atajihisi nyumbani mapema kuliko vyote. Kungumanga iko hadi kwenye bendera ya taifa, na basibasi, mdalasini na karafuu zinauzwa sokoni St. George's kwa mafungu. Chakula cha taifa huitwa oil down: shelisheli, nyama ya chumvi, majani ya magimbi na manjano, vyote vikichemshwa kwenye tui la nazi hadi tui likauke na kubaki mafuta chini ya sufuria. Jina limetoka hapo. Haliivi haraka, kwa hiyo uliza asubuhi nani anapika siku hiyo kisha urudi mchana.

Gati la St. George's liko mjini kabisa, huhitaji teksi kufika Fort George. Ni katika ngome hiyo ndipo waziri mkuu Maurice Bishop alipouawa tarehe 19 Oktoba 1983, na siku sita baadaye majeshi ya Marekani yalivamia kisiwa. Uliza kwanza kama ngome iko wazi kwa wageni siku hiyo. Kwa miguu zaidi, maporomoko ya Seven Sisters, karibu na ziwa la Grand Etang, yako nusu saa kwa gari na dakika 45 hivi za kutembea kila upande. Udongo wake ukilowa huteleza kama sabuni, na huko milimani hunyesha hata wakati wa kiangazi, kwa hiyo vaa viatu vyenye meno, si raba za mjini. Anayejua kuogelea kwa miwani na mrija aende Molinere Bay, ambako tangu 2006 kuna sanamu zilizozamishwa baharini, kazi ya Jason deCaires Taylor. Asubuhi maji huwa matulivu na mwanga ni mzuri.

St. Vincent hupuuzwa na ratiba nyingi, na ni hasara. Bustani ya mimea ya Kingstown ilianzishwa 1765, na mwaka 1793 Kapteni Bligh alileta hapo miche ya mshelisheli kutoka Tahiti, chakula rahisi cha kuwalisha watumwa. Ukitoka hapo na kula shelisheli la kuchoma sokoni, unakula historia hiyo. Volkano ya La Soufrière, iliyolipuka Aprili 2021, ni safari ya siku nzima; usiiweke kwenye siku ya meli.

Martinique. Meli hufunga Fort-de-France, lakini moyo wa ziara ni Saint-Pierre, saa moja kaskazini. Tarehe 8 Mei 1902 mlima Pelée ulilipuka na kuua karibu watu 30,000 kwa dakika chache. Magofu ya jumba la michezo ya kuigiza yapo, na chumba cha gereza ambamo Cyparis, mfungwa mmoja, alinusurika kwa sababu ya unene wa kuta zake, kipo. Panga siku yako: Jumapili maduka na masoko ya Martinique hufungwa, na meli ikifika Jumapili mji wa Fort-de-France huwa kimya kabisa. Jumapili hiyo itumie kwa Saint-Pierre au njia za milimani.

Guadeloupe, ukiipata, ina Mémorial ACTe, jumba la kumbukumbu za utumwa lililofunguliwa 2015 mahali palipokuwa kiwanda cha sukari cha Darboussier, Pointe-à-Pitre, umbali wa kutembea kutoka gati la meli. Tenga saa mbili na nusu, na angalia kabla siku zake za kufungwa.

Dominica ndiyo ningeitetea mbele ya yeyote. Haina fukwe nyeupe za kwenye matangazo, na kwa sababu hiyo misitu na mito yake imebaki. Boiling Lake, ziwa linalochemka katika hifadhi ya Morne Trois Pitons, huchukua saa sita hadi nane kwenda na kurudi, bila kuhesabu gari kutoka Roseau. Rudi kwenye hesabu yetu ya saa saba utaona haiingii. Kila msimu watu hujaribu, na mwongozaji mzuri hukataa kuwapeleka. Chagua Middleham Falls: zaidi kidogo ya saa moja kupanda, hivyohivyo kushuka, ndani ya msitu mzito. Au nenda upande wa mashariki, Kalinago Territory, eneo la ekari 3,700 lililotengwa 1903 kwa watu wa asili wa Karibi. Barabara ni ndefu na ya kona, kama saa moja na nusu kila upande, lakini unaona mkate wa muhogo ukiokwa juu ya bamba la chuma na vikapu vikisukwa na watu ambao babu zao walikuwa hapa kabla ya Columbus. Huwezi kufanya yote mawili siku moja. Kama meli inafika Jumamosi, anza na soko la Roseau mapema, ndiyo siku yake kubwa.

St. Kitts ina ngome ya Brimstone Hill, iliyojengwa kwa mikono ya Waafrika watumwa, na Antigua ina Nelson's Dockyard, karakana ya zamani ya meli za kivita za Waingereza. Zote ziko kwenye orodha ya urithi wa dunia, na zote huhitaji nusu siku. Nusu inayobaki, tembea mjini.

Curaçao haiko kwenye mlolongo huu. Iko mbali magharibi, karibu na Venezuela, na huja kwenye safari za usiku tisa hadi kumi na moja, au kwenye njia za Aruba na Bonaire. Kwa mpenda utamaduni ingetosha peke yake. Gati liko dakika kama kumi kwa miguu kutoka daraja la Queen Emma, daraja la 1888 linaloelea juu ya maboya. Meli ikipita, daraja lote hujikunja kando, na hapo kivuko cha bure huwavusha watu. Kwa hiyo ukilikuta limefunguka usisubiri, panda kivuko. Upande wa Otrobanda kuna jumba la Kura Hulanda, linaloeleza biashara ya utumwa bila kulainisha. Mchana kula Plasa Bieu, soko la zamani, ambapo akina mama hupika kitoweo cha mbuzi na funchi. Funchi ni ugali wa mahindi, utautambua kabla hujauonja. Mlima Christoffelberg una mita 372 tu, lakini jua lake ni kali na hifadhi hairuhusu kuanza kupanda asubuhi ikishasonga. Meli inayofika saa 4:00 asubuhi tayari imeukosa. Badala yake nenda Kenepa, shamba ambako Tula aliongoza maasi ya watumwa tarehe 17 Agosti 1795.

Lini magharibi inashinda

Kama unachotaka ni magofu ya Wamaya, watu wa kale wa Mexico na jirani zake, basi kusini hakuna kitu, na hapo ndipo Miami, Tampa au Galveston huwa na maana. Lakini chagua bandari sahihi. Wengi hushika Cozumel wakifikiria Chichén Itzá. Kuna kivuko cha dakika 45, kisha zaidi ya saa mbili za gari, na vyote mara mbili. Utaona mahame hayo kwa saa moja ya jua kali. Tulum iko karibu zaidi, na bado ni siku ya kukimbizana. Costa Maya ni bora: Chacchoben iko chini ya saa moja kutoka gatini. Belize City ina Altun Ha, kama saa moja kwa gari, ila meli hutia nanga mbali na boti hutumia dakika 20 au zaidi kukufikisha mjini, na foleni ya boti asubuhi ni ndefu. Ondoa saa moja na nusu kwenye hesabu yako.

Roatán, Honduras, hutazamwa kama kisiwa cha kupiga mbizi tu. Punta Gorda ni kijiji cha Wagarifuna, wazao wa Waafrika na Wakaribi wa asili ambao Waingereza waliwafukuza St. Vincent na kuwatupa hapa Aprili 1797. Lugha, ngoma na nyimbo zao zimo kwenye orodha ya UNESCO. Usiende kwa basi la watalii linalosimama dakika 20. Kodi teksi, mkubaliane saa za kukaa.

Yanayoharibika

Bandari kufutwa ni jambo la kawaida, hasa zile za kushuka kwa boti ndogo, kama Grand Cayman, Belize na Bequia. Wimbi likizidi, nahodha hupita. Kampuni hukurudishia ada ya bandari tu. Ukinunua ziara kwa mtu wa nje, hakikisha ameandika kwamba meli isiposhusha abiria unarudishiwa fedha zote.

Meli huisubiri ziara iliyouzwa na meli. Wewe uliyetoka peke yako haikusubiri hata dakika moja, na utajilipia ndege hadi bandari inayofuata. Kanuni yangu ni rahisi: safari ya zaidi ya saa moja ya gari kila upande, nunua kwa meli, hata kama kundi ni la watu 40. Chini ya hapo, toka mwenyewe. Ubaki na pasipoti au nakala yake, kadi ya benki na namba ya wakala wa bandari, ambayo imeandikwa kwenye karatasi ya kila siku inayoletwa chumbani.

Dereva akisema dola, uliza dola ipi. Grenada, St. Vincent, St. Lucia, Dominica, Antigua na St. Kitts hutumia dola ya Karibi ya Mashariki, 2.70 kwa dola moja ya Marekani. Ya Barbados ni 2 kwa 1. Ugomvi mwingi wa teksi umeanzia hapo. Gari la kukodi linawezekana, na visiwa vilivyotawaliwa na Uingereza huendesha kushoto kama kwetu, ila vingi hudai kibali cha muda cha kulipia. Kwa siku moja kwenye kona za Dominica au Grenada, kodi gari pamoja na dereva wake.

Usibebe nguo yoyote ya mabaka ya kijeshi, hata kofia ya mtoto. Barbados, St. Lucia, Grenada, Dominica, Antigua na St. Vincent zote zimeipiga marufuku kwa raia.

Msimu wa vimbunga ni Juni hadi Novemba, na mbaya zaidi ni katikati ya Agosti hadi Oktoba. Kimbunga Maria kiliipiga Dominica Septemba 2017, na Beryl iliiharibu Carriacou ya Grenada tarehe 1 Julai 2024, mapema kuliko wengi walivyotegemea. Curaçao, Aruba na Bonaire ziko kusini ya njia ya kawaida ya vimbunga, kwa hiyo mwenye likizo ya Agosti aelekee huko. Desemba hadi Aprili ni kiangazi. Kuanzia masika, pwani zinazotazama mashariki, na ya Mexico pia, huweza kujaa mwani wa kahawia unaonuka ukioza.

Mwisho, fika Bridgetown siku moja kabla ya meli, kwa maana ndege ikichelewa meli haitajali. Siku hiyo si ya kupoteza. Basi dogo lenye namba ya gari inayoanza na ZR ni matatu kabisa, muziki na utingo wake, nauli ni dola 3.50 za Barbados, uwe na chenji. Panda la kwenda kusini hadi Oistins, na ikiwa ni Ijumaa, subiri jua lizame: samaki wanachomwa barabarani na wenyeji ni wengi kama wageni. Agiza cou-cou, ugali wao wa mahindi uliosongwa na bamia, pamoja na samaki arukaye. Meza hujaa mapema, kwa hiyo fika kabla ya saa 1:00 usiku.